Hundi ikighushiwa, nani abebe hasara?

Mwenye biashara akigundua kwamba hundi zake zimekuwa zikighushiwa, kwanza humtafuta mwizi. Baadaye ndipo linapokuja swali gumu zaidi: benki iliyolipa kwa sahihi ya uongo irudishe pesa, au hasara ibaki kwa mwenye akaunti aliyeacha kitabu cha hundi mikononi mwa kila mtu?

Kwa Kenya, Uganda na Tanzania, jibu linaanzia kwenye sheria ya Uingereza ya 1882 kuhusu hati za malipo, ambayo nchi hizi ziliirithi kwa sehemu kubwa. Msimamo wake ni kwamba sahihi ya kughushi haina nguvu yoyote. Benki ikilipa kwa sahihi hiyo imetoa pesa zake yenyewe, kwa sababu mteja hakuiagiza ilipe. Mfanyabiashara akisoma hapo anapumua. Asipumue mapema, maana mteja naye ana wajibu, na mahakama zimebishana juu ya ukubwa wa wajibu huo kwa zaidi ya karne moja.

Mwaka 1918, jopo la juu la majaji wa Uingereza liliamua kesi ya kampuni moja ya London dhidi ya benki yake. Karani alimpelekea bosi hundi ya pauni 2. Tarakimu ziliachiwa nafasi huku na huku, na mstari wa maneno haukujazwa kabisa. Bosi alikuwa na haraka, akatia sahihi. Karani akaongeza 1 mbele na 0 nyuma, akaandika kwa maneno pauni mia moja na ishirini, akachukua pesa na kutoweka. Majaji walisema hasara ni ya kampuni, kwa kuwa anayeandika hundi analazimika kuiandika kwa namna isiyorahisisha kubadilishwa.

Kesi ya pili inasumbua zaidi. Katika miaka ya 1970 karani wa hesabu wa kiwanda cha nguo cha Tai Hing, Hong Kong, alighushi sahihi ya mkurugenzi kwenye hundi zipatazo 300, zenye thamani ya dola milioni 5.5 hivi za huko. Benki zilikuwa zikituma taarifa za akaunti, lakini hakuna aliyezilinganisha na vitabu vya kampuni mpaka 1978, alipoajiriwa mhasibu mpya. Benki zilijitetea kwamba mteja makini angeona wizi huo mapema sana. Kesi ilifika London mwaka 1985, kwa kuwa Hong Kong ilikuwa bado koloni la Uingereza, na majaji wakaipa kampuni ushindi. Walisema wajibu wa mteja ni kuandika hundi kwa uangalifu na kuiarifu benki mara anapojua kuna sahihi iliyoghushiwa. Kukagua taarifa za benki ni busara, ila sheria haimlazimishi.

Mimi naona uamuzi huo ni wa haki. Benki ndiyo yenye kadi ya mfano wa sahihi ya mteja, ndiyo inayotoza ada kwa kila kitabu cha hundi, na ndiyo inayoweza kusambaza hasara ya mteja mmoja kwa wateja maelfu. Mwenye duka la vipuri hana uwezo huo. Hata hivyo siwezi kuipuuza hoja ya benki. Hundi 300 ni nyingi mno, na mtu mmoja kukaa na taarifa ya mwezi mmoja kungetosha kumfichua karani yule. Wamarekani wamechagua njia ya kati: mteja asiyeripoti ndani ya muda unaofaa anaweza kubeba hasara ya hundi zinazofuata za mghushi yuleyule, na baada ya mwaka mmoja hawezi tena kudai. Benki nayo ikionekana ilizembea, hasara hugawanywa.

Kuna jambo katika uamuzi wa 1985 ambalo wenye biashara wetu wengi hawajaambiwa. Majaji walisema benki zikitaka mteja abanwe zaidi, ziandike hivyo waziwazi kwenye mkataba. Kwa hiyo chukua fomu uliyotia sahihi ulipofungua akaunti, usome zile kurasa za maandishi madogo. Kukiwa na kifungu kinachosema taarifa isiyopingwa ndani ya siku kadhaa huhesabiwa kuwa sahihi, huenda ulinzi unaoutegemea umeshautoa kwa kalamu yako mwenyewe.

Ndiyo maana ulinzi wa kweli lazima uanzie dukani. Anayeandika hundi asiwe ndiye anayelinganisha taarifa ya benki na vitabu. Hili ni rahisi kwa kampuni ya watu hamsini. Kwa biashara ya watu watatu, ambapo mwana wa dada ndiye mhasibu, mtunza stoo na mpeleka pesa benki, ushauri huo unasikika kama tusi. Wengi wanasema ukimkagua ndugu umemwambia humwamini. Nauheshimu uzito wa hoja hiyo, maana biashara zetu nyingi zimesimama kwa sababu ya ndugu. Lakini pesa zikipotea, wa kwanza kushukiwa ni kijana huyohuyo, na bila kumbukumbu zilizokaguliwa hana cha kujisafishia. Mjomba akiipokea taarifa ya benki yeye mwenyewe kila mwezi, akaipitia hundi kwa hundi, anamlinda mpwa wake pia. Na akisafiri asiache hundi tupu zenye sahihi, hata kwa mtu anayempenda kiasi gani.

Teknolojia imesaidia, lakini si kila mahali. Tangu 2011 benki za Kenya hutumiana picha ya hundi badala ya karatasi, na malipo yamekuwa ya haraka. Ubaya wake ni kwamba benki inayolipa haiishiki karatasi yenyewe: alama za usalama zinazoonekana kwa kushika au kumulika zinategemea macho ya karani wa benki ilikowekwa hundi. Zipo benki zinazotaka hundi kubwa ithibitishwe na mteja kwanza. Ni utaratibu mzuri sana, isipokuwa namba ya simu iliyoandikishwa ikiwa ya mhasibu yuleyule anayeziandika.

Kwa anayepokea hundi, kanuni ni fupi: mzigo usitoke mpaka pesa ziwe zimethibitishwa, hata kama salio linaonekana limepanda. Hundi za tarehe ya mbele, yaani zilizoandikwa tarehe ambayo bado haijafika, ziangaliwe kwa jicho la pekee. Sheria ya jinai ya Kenya humwadhibu anayetoa hundi akijua akaunti haina pesa za kutosha, lakini kosa hilo haliigusi hundi ya tarehe ya mbele. Wanaozishika kama dhamana wanabaki na madai ya kawaida ya deni.

Basi tuziache hundi kabisa? Afrika Kusini ilizifuta mwishoni mwa 2020. Uingereza ilipanga kuziondoa ifikapo 2018, ikarudi nyuma mwaka 2011 baada ya malalamiko kuhusu wazee na mashirika ya hisani. Wanaotaka ziondoke wana ushahidi mzito. Marekani watu wanazidi kuziacha, lakini ripoti za benki kuhusu udanganyifu wa hundi zilipanda kutoka zaidi ya 350,000 mwaka 2021 hadi zaidi ya 680,000 mwaka 2022, baadhi zikihusu hundi zilizoibwa kwenye barua na kuoshwa wino ili ziandikwe upya. Kenya nayo tangu 2009 hairuhusu hundi ya zaidi ya shilingi milioni moja kupita baina ya benki.

Upande wa pili, shule, vyama vya ushirika na makanisa bado vinazitegemea kwa sababu hundi inawalazimisha watu wawili kuweka kalamu kwenye karatasi moja. Malipo ya mtandaoni yanaweza kutoa ulinzi huohuo, mmoja akiingiza na mwingine akiidhinisha, lakini nenosiri ni rahisi kumwachia mtu kuliko sahihi. Duka au kampuni ambayo mwenyewe yupo kila siku, na anaidhinisha malipo kwa simu yake mwenyewe, sioni sababu ya kuendelea kuchukua kitabu cha hundi. Chama chenye watia sahihi watatu kiendelee nacho, ila ujumbe wa benki kwa kila hundi inayolipwa uwafikie wote watatu.