Jani la mlonge: tulichambue mpaka mwisho au tule tu?

Mada ya mlonge haiishi, huku wanasema acheni kuhangaika na maabara, pika majani kama mchicha ule, huku wanasema kama hujui ni kemikali gani inafanya kazi humo ndani unabahatisha tu. Mimi hiyo kazi ya maabara nimeifanya kwa mikono yangu, naona wote wana hoja ila hazina uzito sawa.

Wengi wanaishia kwenye kipimo cha DPPH, kemikali ya zambarau inayopoteza rangi ikikutana na antioksidanti, yaani vitu vinavyosaidia kulinda seli za mwili zisiharibiwe. Unaanika majani kivulini, unasaga, unaloweka kwenye methanoli siku 2 au 3, unachuja, unakausha, unabaki na kitu cha kijani cheusi kinanata kama lami, ukidondoshea kidogo kwenye DPPH ile zambarau inafifia mpaka njano hivi hivi unaiona, mtu anashangilia, antioksidanti hizo! Sawa, lakini hata chai ya rangi inafanya hivyohivyo. Rangi haikwambii ni kitu gani.

Kukijua hicho kitu ndo shughuli sasa. Unapitisha ile lami kwenye mrija wa kioo uliojaa silika, unga kama mchanga laini unaotenganisha kemikali, unakinga vichupa kibao, kila kichupa unarudia kipimo, unafuata chenye nguvu, unasafisha tena na tena mpaka ubaki na miligramu chache za unga wa njano, NMR, mashine ya kusoma muundo wa molekuli, inakuonyesha umbo lake na unakuta ni kwesetini, antioksidanti ambayo iko hata kwenye kitunguu. Inavunja moyo jamani.

Na wanaopinga kutenga kemikali moja moja wana pointi nzito. Finland walifanyiwa utafiti wavuta sigara zaidi ya 29,000, baadhi yao wakawa wanameza beta-karotini tupu, ile rangi ya karoti, miligramu 20 kila siku, majibu yakatoka 1994, waliomeza walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiomeza. Kitu kizuri kwenye karoti, kikiwa peke yake kwenye kidonge ni habari nyingine.

Ndo maana kwangu kutenga kusiwe kwa ajili ya kidonge. Ukishakuwa na kwesetini safi unaitumia kama kipimo cha kulinganishia, unapima gunia lililoanikwa juani na la kivulini, unga mpya na uliokaa dukani mwaka mzima, unajua upi una kitu na upi ni majani makavu tu. Leo mama anauziwa kopo kwa bei kubwa bila yeyote kujua mle kuna kiasi gani, na hilo linaniuma kweli.