Ngoma Ujiji: ipigwe lini, na kwa ajili ya nani?

Mgeni akifika makumbusho ya Ujiji, mkoani Kigoma, hulipa kiingilio, huoneshwa mnara chini ya miembe, huingizwa ndani kuona sanamu za Livingstone na Stanley wakivuliana kofia, husimuliwa namna walivyokutana Novemba 1871 kwa hesabu ya Stanley, hupiga picha, basi. Mtu wa mtaa wa pili, ambaye bibi yake alishona mikeka na babu yake alivua dagaa, akishaingia mara moja na shule yake hana cha kumrudisha. Ndiyo maana mjadala umefika hadi kwenye vibaraza vya kahawa. Wengine wanataka makumbusho yawe na ratiba ya matukio ya wazi: ngoma, ufundi wa mikono, mafunzo kwa watoto. Wengine wanasema pale ni mahali pa kumbukumbu, paachwe patulie.

Mimi niko upande wa kwanza, ingawa si kwa kila kitu unachokisema.

Vitu vya sanaa ya jadi havikutengenezwa vitazamwe kwa mbali. Niliwahi kukaa na mama mmoja wa Ujiji akishona mkeka. Ukindu, yaani majani ya mkindu, alikuwa ameulowanisha tangu asubuhi, kwa kuwa mkavu unakatika ukiukunja. Ukili, ule utepe uliokwisha kusukwa, aliubana kwa kidole gumba cha mguu, mkono wa kushoto ukisogeza, wa kulia ukipitisha sindano, na midomo ikihesabu kimyakimya ili maua ya rangi yakutane pale vipande viwili vinapoungana. Alipokosea hesabu alifumua karibu shubiri nzima bila kulalamika. Ule mkeka ukiutundika ukutani na kibao chini yake, mtazamaji ataona rangi na ukubwa. Kile kidole gumba hatakiona, wala zile hesabu hatazisikia. Na mama yule akiondoka duniani, kibao hakitamfundisha mjukuu wake kitu.

Hili si jambo geni nchini. Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam kilifunguliwa 1967 kwa kujenga nyumba za makabila mbalimbali uwanjani, na kwa miaka mingi wenyeji wa mikoa tofauti wamepewa siku zao za kupika, kucheza na kueleza mila zao wenyewe. Watu waliozaliwa Dar wameona hapo msonge kwa mara ya kwanza.

Lakini wazee wanaokataa wasipuuzwe. Katika Buha ya zamani, nchi ya Waha, ngoma ilikuwa alama ya utawala wa mwami, yaani mtawala wa jadi, na haikupigwa kwa sababu tu mgeni ameshuka kwenye gari. Serikali ilipoondoa mamlaka ya machifu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ngoma hizo zilipoteza ikulu yake. Tangu hapo zimekuwa zikitafuta mahali pa kusimama: harusi, mbio za Mwenge, mapokezi ya viongozi. Mzee anayeona ngoma ya heshima ikipigwa dakika tano kati ya hotuba mbili, kisha wapigaji wakapewa soda na kuambiwa asanteni, ana haki ya kuumia.

Jirani zetu Burundi waliumia hivyo hivyo. Ngoma yao ya kifalme iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, na 2017 ikatoka amri ya rais kwamba vikundi visajiliwe, shughuli za ngoma zilipiwe na wanawake wasizipige. Shida waliyoiona ilikuwa ya kweli. Dawa, kwa maoni yangu, ilipita kiasi. Na sisi hatuna pa kuanzia kumfukuza mwanamke kwenye ngoma, maana Heru, utawala mmoja wa Waha huko Kasulu, ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare.

Hoja nyingine ya wazee wetu wanaokataa ndiyo inayonielemea zaidi. Ujiji ilikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ile, kutoka Bagamoyo kupitia Kwihara ya Tabora hadi Ujiji, katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia. Walipita hapo watu waliofungwa minyororo. Spika kubwa na bonanza juu ya ardhi ile ni aibu, nami nasema hivyo wazi. Ila hata matanga yana nyimbo zake, na wapagazi waliobeba mizigo miezi mitatu waliimba njiani. Kuwakumbuka kwa sauti kunaweza kuwa heshima kubwa kuliko ukimya, ilimradi anayeimba anajua anamwimbia nani.

Kinachoniridhisha zaidi ni mfano wa Bujora, karibu na Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Kila Juni, mavuno yakishaisha, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, hushindana kucheza katika sherehe ya Bulabo. Umati unajaa. Sababu ni kwamba mashindano yale yalikuwepo kabla ya makumbusho kujengwa, na yanafanyika wakati mkulima ana nafasi na ana chakula ghalani. Makumbusho yaliifuata kalenda ya watu.

Kalenda ya Ujiji iko angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, maana hufuata mwanga. Mbalamwezi ikitoka, taa haina nguvu, mitumbwi hupandishwa mchangani na wavuvi hushinda nyumbani wakishona nyavu. Siku hizo ndizo za makumbusho. Novemba, mwezi wa Stanley, ni wa mvua na wa wageni. Siku za mwezi mpevu ni za wenyeji, na hurudi kila mwezi bila kuhitaji mfadhili wa kuzitangaza. Mvuvi alete wavu aonyeshe fundo lake, anayekamua mawese alete chungu chake, ngoma ipashwe ngozi kwa moto wa nyasi hadi ikaze, watoto waione inavyolegea na kukaza kabla ya kusikia mlio. Kiingilio kwa mkazi kisiwepo siku hizo. Ngoma ya heshima iombwe kwa wenyewe kwanza, wakikataa, basi.

Nilimuuliza yule mama wa mkeka kama angekubali kukaa pale siku mbili kwa mwezi akifundisha mabinti. Hakuniuliza habari za mila wala za watalii. Aliuliza ukindu utanunuliwa na nani, na mkeka ukiisha utakuwa wa nani. Nilishindwa kumjibu, na mpaka atakapojibiwa na wenye makumbusho, ratiba yoyote tutakayoichora itakuwa imemwacha nje.