Pole za saa za Ulaya mpeni mgonjwa wa nyumbani

Ramadhani ikikaribia, simu za Unguja huja na swali lilelile: "Huko kwenu mnafunga saa ngapi mwaka huu? Mtaweza kweli?" Kisha napewa pole nyingi, na bi mkubwa mmoja wa ukoo wetu huongeza na dua. Nashukuru kwa huruma, ila naona imepelekwa kwa asiyeihitaji. Nimefunga Kikwajuni toka utoto, na sasa nafunga Coventry, Uingereza, tena nikiwa na sukari, kwa hiyo pande zote mbili nazijua kwa mwili wangu. Saa nyingi za Ulaya hazitudhuru sisi huku kama anavyodhurika mgonjwa wa nyumbani anayefunga kwa kuogopa macho ya watu.

Nizimalize kwanza hizo saa. Mwaka 2016 Ramadhani iliingia Juni, na Juni ya Uingereza jua halitaki kuondoka. Magharibi ilikuwa inaingia saa tatu na nusu usiku, na ukihesabu tangu alfajiri tulikuwa tunafunga saa kumi na nane na zaidi. Alfajiri yenyewe misikiti haikukubaliana, maana kwa latitudo hii usiku wa kiangazi haupati kuwa giza totoro, na kila msikiti una hesabu yake. Tofauti ilipita saa nzima: mimi nimeshatia nia na kupiga mswaki, jirani yangu wa Kisomali bado yuko kwenye daku na chai yake anainywa taratibu. Unguja mwaka ule ilikuwa kipupwe, hali ya hewa shwari, na saa zao ni zile kumi na tatu na kitu ambazo hazibadiliki sana mwaka mzima kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Hapo pole nilizistahiki.

Lakini mwezi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2025 tulifunga Machi. Huku tulianza na saa kama kumi na tatu, sawasawa na Unguja, ila sisi tumevaa makoti na wao wako kwenye joto ambalo shati linaroa kabla ya adhuhuri. Nani alipaswa kumpa pole mwenzake? Na mwaka 2030, ambao Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Disemba, tutakuwa tunafuturu saa kumi jioni baada ya kufunga chini ya saa kumi. Nawajua ndugu zangu, mwaka huo watasema hatufungi, tunachelewa tu kula chakula cha mchana.

Mtu mzima mwenye afya ana uwezo wa kuzihimili hizo saa, hata zile za Juni. Baada ya daku mwili hutumia kile ulichokula kwa saa kadhaa. Kikiisha, ini huanza kutoa akiba yake ya sukari, ile inayoitwa glaikojeni, huku insulini, homoni inayoshusha sukari, ikishuka na glukagoni, ile inayoipandisha, ikipanda. Akiba nayo ikipungua, kwa wengi inapofika kama saa ya kumi na mbili tangu mlo wa mwisho, mwili hugeukia mafuta, na ini huyageuza mengine kuwa ketoni ambazo hata ubongo huzitumia. Figo nazo huambiwa na homoni zibane maji, ndiyo maana mkojo wa jioni huwa mchache na wa njano iliyokolea. Hayo yote ni mwili kufanya kazi yake. Hata kile kichwa cha siku mbili za mwanzo, ambacho kila mtu hukilaumu njaa, mara nyingi ni kahawa. Aliyezoea vikombe vinne vya kahawa chungu barazani, akaacha ghafla, kichwa humwanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho. Dawa yake ni kupunguza kikombe kimoja kimoja toka katikati ya Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani. Nimewaambia wazee wa baraza yetu hilo, wakaniangalia kama nimewatukania kahawa yao.

Ukiniuliza mimi, shida ya mwili iko usiku, na usiku wa nyumbani una mambo mawili: moja la kuonea wivu na moja la kutazamwa upya.

La kuonea wivu ni usingizi. Nyumbani mji mzima unafunga nawe. Mchana mambo yanapoa, baada ya adhuhuri watu wanajinyoosha, usiku unachangamka, na asubuhi hakuna anayekushangaa ukiwa mzito. Huku unafunga mwenyewe ndani ya mji unaokula. Nilikuwa nafanya kazi ghalani, kutembea na toroli tangu kuingia hadi kutoka. Juni ile tarawehe zikimalizika baada ya saa sita usiku, ukirudi nyumbani unajilaza kidogo, unaamka daku, unalala tena kidogo, halafu basi la asubuhi. Njaa sikuwa naisikia, usingizi ndio uliokuwa unanimaliza. Na usingizi mchache si uchovu tu: unaufanya mwili usiitikie vizuri insulini, na unakuzidishia hamu ya vitu vitamu. Siku za zamu ya jioni nilimwomba msimamizi anisogezee mapumziko yangu yaangukie magharibi, akasema ratiba ni ratiba. Nikawa nafuturu nimesimama kati ya rafu mbili, tende tatu na chupa ya maji mfukoni, chakula chenyewe baadaye.

La kutazamwa upya ni sinia. Naomba nisieleweke vibaya: muhogo wa nazi wa mama, ukiwa na kipande cha nguru juu, siubadilishi na chochote kinachouzwa Coventry, ambako muhogo tunaununua uliogandishwa duka la Mhindi na tui ni la kopo. Lakini hesabu ya futari ya kawaida ya kwetu iangalie mwenyewe. Unaanza na tende na uji wa pilipili manga wenye sukari. Inakuja kaimati iliyolowa shira. Zinakuja sambusa na bajia, zote zimetoka kwenye mafuta. Kisha muhogo au ndizi mbichi za nazi, na viazi vitamu pembeni, na tambi za sukari kwa sababu shangazi kaleta na hazirudishwi. Juisi ya ukwaju ya kusukumia. Mboga ya majani haionekani, maji matupu ni bilauri moja. Baada ya tarawehe kuna wali, na kabla ya kulala kuna kinachobaki. Wanga juu ya wanga, ndani ya saa nne au tano, halafu mtu analala chali na kushangaa kiungulia. Wanaofunga choo wiki nzima nao wanasema ni saumu.

Ndiyo maana hao wanaotegemea Ramadhani kupunguza kitambi huambulia kidogo. Tafiti zilizopima watu kabla na baada ya mwezi zimekuta wastani wa kilo moja hivi inayopungua, na nyingi yake inarudi wiki chache baada ya Idi. Mtume (s.a.w.) alishatwambia kwamba mwanadamu hajajaza chombo kibaya kuliko tumbo lake, na akatugawia: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Sisi theluthi ya pumzi tumeipa kaimati.

Siku zile za kufuturu kwa kusimama ghalani, nikirudi nilikuwa nakula sahani moja, kwa sababu nimechoka na hakuna shangazi. Kipimo changu cha sukari kilikuwa kizuri kuliko Ramadhani zote nilizokwenda likizo nyumbani. Raha ilikuwa ndogo, lazima niseme.

Basi tuje kwa wagonjwa, maana wao ndio walionifanya niandike.

Hapa ninapoishi, kliniki yetu hunipigia simu Rajabu au Shaabani. Muuguzi wa sukari ni mama wa Kiingereza, wala si Mwislamu, lakini kwenye ukuta wake kuna karatasi yenye tarehe ya Ramadhani, na mara nyingi anaijua kabla yangu. Hanikatazi kufunga. Anafungua daftari langu, anaangalia vipimo, anauliza nakula nini daku. Metfomini aliyokuwa ananipa mara tatu anaigawa upya, dozi mbili pamoja wakati wa kufuturu na moja daku. Kile kidonge kingine kinachoshusha sukari kwa nguvu anakipunguza upande wa daku. Kisha anaandika namba mbili kwenye kipande cha karatasi na kunikabidhi: ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, fungua, ikipanda juu ya 16.6, fungua. Ananitazama machoni na kusema, fungua hata kama imebaki dakika kumi.

Kaka yangu mkubwa ana sukari kama mimi, tumerithi pamoja. Anatumia glibenklamaidi, dawa ambayo kwa mfungaji ni ya kuiogopa kwa sababu inamlazimisha kongosho kutoa insulini hata kama tumboni hamna kitu. Hakuna aliyemwambia. Yeye naye hakumuuliza daktari, maana alijua ataambiwa asifunge, na asipofunga atajificha wapi? Akinywa maji mchana mtaani ataitwa kobe, yaani mla mchana, mzee wa ndevu nyeupe. Basi alimeza kidonge chake daku kama kawaida, na alasiri moja akaanza kutokwa jasho jembamba, mikono ikitetemeka, maneno yanamchanganyika. Waliokuwepo walimpepea wakasema ni swaumu imemkamata. Alikimbizwa hospitali amezimia nusu, akatundikiwa dripu ya glukosi. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama saumu yake imebatilika.

Hayuko peke yake. Utafiti mkubwa ulioitwa EPIDIAR, uliofanywa mwaka 2001 kwa zaidi ya wagonjwa 12,000 wa sukari katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, ulikuta kwamba kwenye aina ya pili ya sukari karibu wagonjwa wanane kati ya kumi walifunga, na matukio ya sukari kushuka vibaya mno yaliongezeka mara saba na nusu kulinganisha na miezi mingine. Wengi wa watu hao dini ilishawapa ruhusa. Aya za saumu katika Suratul Baqara zinamtaja mgonjwa na msafiri mara mbili, zinataja siku nyingine za kulipa, zinataja fidia ya kumlisha maskini, kisha zinasema: "Mwenyezi Mungu anakutakieni yaliyo mepesi wala hakutakieni yaliyo mazito." Ruhusa imeteremshwa pamoja na amri yenyewe. Mtaani kwetu tumechukua amri tukaiacha ruhusa.

Hili ndilo ninaloliona tofauti kubwa ya huku na huko. Huku hakuna anayenichungulia. Nikifungua mchana kwa sababu ya namba ya kwenye mashine, najua mimi na Mola wangu. Upweke huohuo unaonikosesha sinia la pamoja na kelele za watoto wakati wa futari unanipa nafasi ya kuumwa bila kuulizwa.

Badala ya ruhusa, tunasambaziana klipu. Ile ya kila mwaka inasema Mjapani alipewa Nobel kwa kuthibitisha kwamba kufunga kunaua saratani. Mjapani yupo kweli, ni Yoshinori Ohsumi, na Nobel ya tiba alipewa mwaka 2016. Ila alichochunguza ni jinsi chembe hai zinavyojila na kutumia tena vipande vyake, na alianzia kwenye chembe za hamira. Hakuna mfungaji hata mmoja aliyepimwa hapo. Na "fungeni mpate afya", inayobandikwa kama hadithi kwenye kila kalenda, wanachuoni wa hadithi wameihesabu kuwa dhaifu. Tunafunga kwa sababu tumeamrishwa. Mwenzangu wa kazini anayeruka kifungua kinywa na kunywa kahawa nyeusi hadi saa sita mchana ili apunguze kiuno anafanya jambo lake, nami silitaki liwe ushahidi wa dini yangu.

Mwaka huu sikutuma pesa ya futari. Nimetuma mashine ya kupimia sukari na vijiti vyake, na kaka amekubali kwenda kubadilishiwa dawa. Anapima, lakini anapimia chumbani na mlango kaukomea, kwa sababu jirani kamwambia damu ya kidole inabatilisha saumu. Haibatilishi. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata Unguja, hata kupiga chuku, yaani kuumikwa damu, hakubatilishi, sembuse tone moja. Nimemweleza kwenye simu, akasema, "Wewe uko Ulaya." Kwa hiyo nimemwandikia imamu wa msikiti wetu, nikimwomba hotuba moja ya Ijumaa ya Shaabani aitolee hilo la damu na lile la ruhusa ya mgonjwa, kwenye kipaza sauti, akiwa na daktari pembeni yake. Bado sijajibiwa.