Mkataba umesainiwa, benki inataka wino wa bluu

Wiki hii mfanyabiashara mmoja mwenye TIN, leseni na malori yake mwenyewe alikimbilia stendi ya Arusha kuwahi basi la Nairobi, ampe kondakta bahasha. Ndani ya bahasha kuna mkataba wa kuuza maharage. Mkataba huohuo ulikuwa umeshasainiwa na pande zote mbili kwa njia ya kielektroniki, kila mtu akiwa ofisini kwake, na mnunuzi wa Nairobi alikuwa anasubiri mzigo tu. Tatizo lilianzia benki. Jamaa alipeleka mkataba aombe mkopo wa kukusanya mzigo, dada wa dirishani akaufungua kwenye kompyuta, akausoma mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole kabisa: "Kaka, hii ni kopi. Tuletee orijino. Wino wa bluu, na mhuri wa kampuni ya huko."

Orijino ya nini, jamani? Hati imezaliwa kwenye kompyuta na imesainiwa kwenye kompyuta. Orijino ndiyo hilo faili alilokuwa analitazama. Mimi ndiye ninayemwandikia jamaa huyu hesabu zake, kwa hiyo hasira zake zimehamia kwangu, na mimi nazihamishia kwenu.

Tuanze na huo mhuri. Dada yangu wa dirishani, mhuri wa kampuni ya Nairobi unaujuaje wewe? Umewahi kuuona? Una sampuli yake kwenye droo? Mhuri hapa mjini unachongwa na fundi mwenye kibanda jirani na steshenari. Unampa jina la kampuni kwenye kipande cha karatasi, hakuulizi cheti cha usajili wala kitambulisho, unakwenda kunywa chai, ukirudi unakuta mhuri wako tayari, duara, nyota katikati. Kwa Nairobi sitasema mengi. Anayeijua River Road, mtaa wenye sifa ya nyaraka za kughushi, anajua. Na lenye kuchekesha zaidi ni kwamba Wakenya wenyewe, kwa marekebisho ya sheria za biashara ya Machi 2020, walishaondoa ulazima wa kampuni kuwa na lakiri, yaani mhuri wake rasmi. Kwa hiyo tunamdai Mkenya kitu ambacho sheria ya kwao imeacha kumdai, ili tujiridhishe kwa kitu ambacho hatuna namna ya kukihakiki.

Sasa linganisha na tunachokikataa. Saini ya kidijitali ya kweli inafanya kazi hivi: programu inapitia hati yote na kukokotoa tarakimu moja ndefu kutokana na kila herufi iliyomo. Tarakimu hiyo inafungwa kwa ufunguo wa siri alionao msainiji peke yake, na cheti kilichotolewa na taasisi yenye leseni kinasema ufunguo huo ni wa nani. Badilisha tani 30 ziwe tani 300, au ondoa mkato mmoja tu, tarakimu hazitalingana na programu itakwambia palepale kwamba hati imeguswa baada ya kusainiwa. Kwenye karatasi yenye wino wa bluu, kuongeza sifuri unahitaji kalamu ya bluu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba benki wana sababu ya kuogopa. Watu wengi wakisema "nimesaini kidijitali" wanamaanisha wameandika jina kwenye karatasi, wakaipiga picha kwa simu, wakaikata na kuibandika chini ya hati. Hiyo haina ulinzi wowote. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuichukua saini hiyo na kuibandika kwenye hati ya kukopa. Kama dada angesema "hii ni picha, siitaki," ningempigia makofi. Lakini hakuangalia. Hakubofya hata paneli ya saini, pale programu inapoonyesha saini ni ya nani na kama hati imeguswa, kuona ilichoandika. Kwake yeye kila kisichokwaruzwa kwa kalamu ni kopi.

Mtu atasema tatizo ni sheria. Siyo. Sheria tunazo mpaka zimeota vumbi. Rwanda walipitisha ya kwao 2010, Uganda wakatunga Sheria ya Saini za Kielektroniki 2011, Kenya waliingiza mambo haya kwenye sheria yao ya mawasiliano tangu 2009, na sisi Tanzania tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Kifungu cha 6 kinasema pale sheria inapotaka saini, saini salama ya kielektroniki inatosha. Ukizisoma zote utaona zinafanana, maana chimbuko ni lilelile, sheria za mfano za UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara, ile ya 1996 ya biashara mtandao na ile ya 2001 ya saini: saini iwe ya mtu mmoja, imtambulishe, iwe chini ya udhibiti wake peke yake, na badiliko lolote lionekane.

Penye shimo ni mpakani. Cheti cha mnunuzi wa Nairobi kimetolewa na kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Vizuri sana. Je, benki ya Arusha inajuaje kwamba kampuni hiyo ina leseni? Inaangalia wapi? Ile sheria ya mfano ya 2001, ibara ya 12, ilishasema usimkatae mtu kwa sababu tu cheti chake kimetolewa nchi nyingine, mradi kiwango cha kuaminika kinalingana. Maneno matamu. Lakini nani apime kulingana huko? Dada wa dirishani saa tano asubuhi, foleni imefika mlangoni?

Ndipo tunafika kwenye jambo linaloniuma kweli. Kwa sasa anayetuamulia saini ipi ni halali ni Adobe. Ndiyo, kampuni ya California. Ukifungua PDF kwenye programu yao, alama ya kijani inatokea kama aliyetoa cheti yumo kwenye orodha wanayoitunza wao, au kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya. Kama hayumo, unapewa onyo kwamba uhalali wa saini haujulikani, na karani yeyote akiona onyo anafunga faili. Kwa hiyo hati ya Mkenya na Mtanzania, majirani wanaonunuliana maharage tangu enzi za babu zetu, inasubiri baraka za orodha iliyoandikwa ng'ambo. Serikali zetu zimekaa kimya, wala haziulizi.

Wazungu, pamoja na maneno yao mengi, hili wamelimaliza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 910 ya 2014, inayoitwa eIDAS, ilianza kutumika kwa huduma hizi tarehe 1 Julai 2016. Saini ya daraja la juu iliyotolewa cheti Tallinn lazima itambuliwe Lisbon, na ina nguvu ileile ya saini ya mkono. Ujanja wao ni mdogo tu: kila nchi inachapisha orodha ya watoa vyeti iliowakagua, kwa muundo ambao kompyuta inausoma yenyewe. Karani haulizwi maoni yake. Nchi 27, lugha rasmi 24, na wameweza.

Sisi Jumuiya ya Afrika Mashariki tuna Itifaki ya Soko la Pamoja inayofanya kazi tangu Julai 2010. Tuna mwongozo wa sheria za mtandao ulioandaliwa na wataalamu na kupitishwa na mawaziri. Sasa imekuja Itifaki ya Biashara ya Kidijitali ya AfCFTA, lile eneo huru la biashara la Afrika, Februari 2024, nayo inagusa saini hizihizi. Makabrasha hayajawahi kuwa haba Arusha. Semina nazo, mashahidi ni wenye hoteli.

Na msiniambie teknolojia hatuiamini. Tangu 2015 pesa zinatoka M-Pesa ya Tanzania kwenda M-Pesa ya Kenya kwa namba nne za siri, na hakuna anayedai mhuri. Benki ileile inapokea hizo pesa kwa furaha. Namba nne zinatosha kuhamisha fedha, ila cheti chenye hesabu zinazoumiza kichwa hakitoshi kusema fulani amekubali kununua maharage?

Ninachotaka hakihitaji sheria mpya hata moja. Orodha moja ya pamoja, iwekwe sekretarieti pale Arusha, ya watoa vyeti waliokaguliwa na kila nchi mwanachama. Kisha kila Benki Kuu itoe waraka wa kurasa mbili kwa mabenki yake: hati iliyosainiwa kwa cheti kilichomo kwenye orodha ni orijino. Basi.

Ardhi na wosia viacheni kwenye karatasi kwa sasa, sitagombana. Gharama ya cheti kwa mama mwenye genge la nyanya pale Namanga ni hoja ya kweli, na vyeti visipouzwa kwa bei ya vocha havitafika kwake. Na lipo donda la mabosi wanaompa sekretari neno lao la siri "anisainie, niko safari". Hilo sheria haitibu, ingawa bosi wa namna hiyo alikuwa anamwachia sekretari mhuri vilevile, na hakuna aliyelalamika.

Kwa sasa mikataba yote ninayopitisha ina kifungu cha ziada: pande zote zinakubali saini ya kielektroniki kuwa saini kamili, mfumo uliotumika unatajwa, inatajwa pia sheria ya nchi gani itatawala na mahakama ipi itasikiliza mgogoro. Kifungu cha 6 cha ile sheria yetu ya 2015 kinaruhusu wahusika kukubaliana njia yao. Tunzeni faili lenyewe. Mkilichapa, mnabaki na karatasi yenye mchoro na uthibitisho wote umepotea. Na kabla hamjasaini, iandikieni benki yenu barua pepe mwulize kama wataikubali. Wakikataa, waombeni wataje kwa maandishi ni kifungu gani cha sheria kinachowazuia.