Sikumtukana mama mkwe, nilikuwa naongea na gari

Naona hadithi imefika Tanga kabla mimi sijamaliza kuosha macho. Kuna jamaa mmoja, namwita rafiki kwa kukosa neno jingine, ameirusha kwenye grupu la harusi (harusi yenyewe ilikwisha mwaka jana, ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoka) kwamba eti nimemwita mkwe wangu bi kizee, mbele ya watu, na nikaahidi kumuuza. Kuna shangazi keshaniandikia, "Mwanangu, una shida gani huko Ulaya?" Mjomba mmoja kaweka nukta tatu tu, na nukta za mjomba yule mnazijua.

Basi na mimi nina mdomo. Kaeni.

Kwa wageni wa hapa: gari ni lile lile mnaloliona kwenye picha zangu, MGB ya 1971, gari la michezo la kampuni ya Kiingereza ya MG, nyekundu, ya wazi, injini ya sentimita za ujazo 1798 na kabureta mbili aina ya SU (ndizo zinazochanganya petroli na hewa) ambazo hazijawahi kukubaliana jambo. Naliita Bi Kizee. Mke wangu anajua, jirani anajua, ninyi nyote mnajua. Mtu pekee aliyekuwa hajui ndiye aliyekuwa amekaa ndani yake.

Mama mkwe yuko kwetu hapa Coventry, Uingereza, tangu mjukuu azaliwe. Alipoliona gari mara ya kwanza alilizunguka taratibu, mikono nyuma. "Baba, hili umepewa au umenunua?" Nikasema nimenunua, mama. "Na paa lake?" Nikamwonesha turubai lililokunjwa nyuma ya viti. Akatazama juu, mawingu yale ya kwetu ya kila siku, akanitazama mimi, akaingia zake ndani. Hakuuliza tena. Nadhani usiku ule alimwombea binti yake.

Sasa, nyuma kushoto niliona doa la unyevu upande wa ndani wa tairi. Silinda ya breki inavuja. Na hapa lazima niwaeleze jambo, maana kuna wanaotamani haya magari kwa sababu moja tu: Uingereza gari likipita miaka 40, na kama halijageuzwa sana, halilazimiki kukaguliwa kila mwaka, wala hulipii kodi ya barabara. Watu wakifika hapo wanaona raha. Hawafiki kwenye sentensi inayofuata, kwamba mkaguzi sasa ni wewe, tena umelala chali kwenye zege.

Silinda yenyewe si ghali. Magari haya yalitengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya nusu milioni, kwa hiyo spea zipo za kumwaga. Ukitaka hata bodi nzima mpya unauziwa. Kinachoua ni kibanio kinachoishikilia silinda nyuma ya bamba la breki, kijichuma chenye umbo la herufi E. Aliyekibuni ama hakuwa na vidole ama alikuwa na kisasi na sisi tuliokuwa hatujazaliwa. Unakisukuma, kinakaribia kuingia, halafu kinaruka. Changu kiliruka kikaangukia kwenye maua ya jirani.

Jirani huyo ni mzee Mwingereza, alifanya kazi kiwanda cha magari cha Triumph hapo Canley, walikotengeneza gari la wazi la Spitfire. Triumph na MG walikuwa mahasimu. Mwaka 1968 wakatiwa wote ndani ya kampuni moja, British Leyland, wakaendelea kununiana humo humo ndani. Viwanda vyenyewe vimeshabomolewa, lakini mzee hajaambiwa kwamba vita vimekwisha. Kila nikifungua boneti anatokea kwenye ua na kikombe cha chai, anauliza kwa upole, "Limeharibika tena?" Hilo "tena" ndilo analolifuata. Mkumbukeni, ni shahidi namba mbili.

Nikakibana kibanio kingine (hununui kimoja, ukiwa na akili) na silinda mpya ikakaa. Ikabaki kutoa hewa kwenye breki.

Wasiojua: breki hizi zinaenda kwa mafuta ndani ya bomba. Mafuta hayabanwi, hewa inabanwa. Povu likibaki humo, unakanyaga breki na kanyagio linazama hadi sakafuni huku gari likiendelea na safari zake. Kwa hiyo mnakuwa wawili. Wa juu anakanyaga na kushikilia. Wa chini anafungua skrubu ya kutolea hewa, mafuta yanatoka na mapovu yake kupitia kimpira hadi kwenye chupa, anafunga. Ndipo wa juu anaachia. Akiachia kabla haijafungwa, bomba linavuta hewa upya na mnaanza mwanzo. Ndiyo maana ukipita gereji yoyote, kutoka Tanga hadi Coventry, unasikia watu wanafokeana: kanyaga! shika! achia! Hakuna "tafadhali" kwenye breki.

Wa juu alikuwa awe huyo rafiki. Aliahidi saa nne asubuhi. Saa nne hayupo. Saa tano anaandika "nipo njiani", na sisi Waswahili tunajua kwamba hayo huandikwa kitandani. Mke wangu yuko zamu. Mama mkwe akatoka na chai, akanikuta nimekaa kwenye ndoo natazama barabara.

"Kazi yenyewe nini?"

"Kukanyaga tu, mama. Namngoja mwenzangu."

"Kukanyaga? Mimi nimekanyaga cherehani tangu huyo mwenzako hajazaliwa."

Nilikataa. Naomba mliandike hilo mahali. Lakini mama mkwe akishaamua, keshaamua. Akaifunga kanga vizuri, akasema bismillahi, akaanza kuteremka kwenye kiti. Wenye MG mnanielewa: humo huingii, unashushwa. Aliposhuka wote nikaona kichwa tu na usukani.

Shida ya kwanza haikuwa ya kiufundi. Shida ni kwamba mimi mama mkwe sijawahi hata kumwambia "njoo". Namwambia, "Mama, ukipata nafasi." Sasa nimelala chini, miguu inamwelekea jirani, kichwa kiko nyuma ya tairi lililong'olewa, na natakiwa kumpa amri.

"Mama, samahani, naomba sasa ukanyage."

"Nimekanyaga."

Nafungua skrubu. Hakitoki kitu. Nafunga. "Mama, samahani sana, unakanyaga lipi?"

"Hili la kushoto. Ndilo lililo karibu."

Klachi. Tukahamia la katikati. "Sasa mama, nakuomba ushikilie hapo hapo, ahsante, na tafadhali usiachie mpaka nitakapoku—"

"Unasemaje, baba? Sikusikii." Na ili anisikie vizuri akatoa mguu kwenye kanyagio, akainama dirishani. Huku chini bomba likanywa mafuta yote ya chupa kurudi ndani, *gluuup*, na hewa juu yake.

Tuliendelea hivyo. Adabu yangu ilikuwa ndefu kuliko pumzi ya breki. Kila nikimaliza samahani, yeye keshachoka kushikilia. Mwishowe nikajikaza, nikasema neno moja, peke yake, kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu:

"Kanyaga!"

Ndugu zangu, lile neno lilimfika pahala. Mguu ukakumbuka kazi yake ya zamani. Hakukanyaga akashikilia. Alianza kushona. Kanyaga-achia-kanyaga-achia, kasi ile ya usiku wa kuamkia Idi na nguo za watu hazijaisha. Na mimi ndio kwanza nimeifungua skrubu.

Hapa naomba twende polepole, maana huyo mrusha habari hapa alikuwa bado anafunga geti.

Kwanza niliona kimpira kinatikisika. Nikawaza, kimekaa vibaya, nikibane. Nikasogeza uso karibu ili nione vizuri. Miwani ya kazi ninayo, nzuri kabisa, ilikuwa juu ya paji la uso inalinda nywele. Kimpira kikavimba kidogo mdomoni mwake. Nikapeleka mkono. Na wakati kidole kinakigusa, mama akapiga mshono mmoja wa nguvu, kimpira kikaruka, na mafuta ya breki yakatoka mstari mmoja mwembamba, ulionyooka, ukaniingia jicho la kushoto, ukapita puani, na kwa kuwa nilikuwa nimefungua mdomo kusema "mama, samahani", ukamalizia mdomoni. Ladha yake nisiwaeleze. Nikainuka kwa kasi. Juu ya kichwa changu kulikuwa na madigadi ya chuma ya 1971.

Na hapo ndipo niliposema. Siwezi kukana, sauti ipo kwenye video. Nilisema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Bi Kizee wewe! Umenichosha! Kila siku hasara juu yako! Mwaka huu nakupima kwa kilo, nakuuza chuma chakavu!"

Cherehani ikasimama.

Kimya. Nasikia tone la mafuta linaanguka kwenye zege. Nasikia kikombe cha jirani kinawekwa juu ya ua. Sioni kitu, macho yanawaka, na juu yangu ikateremka sauti ndogo, yenye heshima zake zote:

"Baba." Kisha, baada ya muda, "Mimi?"

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaanza kueleza, macho yamefumba.

"Siyo wewe, mama! Bi Kizee mwingine!"

"Kuna mwingine?"

"Ninaye siku nyingi, mama. Tangu kabla sijamuoa binti yako."

"Eh!"

"Na yeye anajua! Jumamosi zote huniona nalala naye huku nje!"

Nikasikia mtu anacheka mpaka anakosa pumzi, nikajua mwenzangu wa saa nne kafika, na simu kaishika mkononi. Jirani hajui hata "jambo", lakini aliniambia baadaye kwamba alielewa kila kitu.

Yaliyofuata ni mafupi. Mama alitaka kushuka ili asikae tena karibu yangu, kiti kikamkatalia. Rafiki akamvuta mkono huu, mzee wa Triumph akamvuta huu, wakamtoa. Akaingia ndani, akarudi na birika, nikajua ananimalizia. Akanimwagia maji usoni, birika zima, akaenda kulijaza tena. Na ndiyo tiba yake hasa, mafuta yale huoshwa kwa maji mengi. Macho yamepona. Madigadi hayakupata birika, na mafuta hayo ya breki, aina ya DOT 4, hula rangi. Ile rangi niliyoipaka kwa wiki kadhaa sasa imekunjamana pale pembeni. Mke wangu alirudi jioni, akasikia upande wa mama kwanza, akacheka mpaka akamwamsha mtoto, kisha akakumbuka yuko upande gani, akanitoza doti mbili za kanga. Zimelipwa. Shangazi, umesoma? Zimelipwa.

Breki bado. Kanyagio linazama nusu, na magurudumu mengine hatujayagusa. Nikaagiza kifaa cha kutolea hewa peke yako, kinachosukuma mafuta kwa upepo wa tairi la akiba, na jana boksi limefika. Mama alilikuta mezani.

"Hiki ndicho kinakanyaga?"

"Hakikanyagi, mama. Kinasukuma kwa upepo."

Akaligeuza, akasoma bei, akalirudisha mezani.

"Kirudishe. Jumamosi nakanyaga mimi. Ila wewe sema kwa ufupi, hizo samahani zako ndizo zilizotuponza."