Tony Allen na thamani ya gadi asiyefunga

Mwezi Machi 2025 timu ya Memphis Grizzlies ilistaafisha jezi namba 9 ya Tony Allen, gadi (mchezaji wa nje, mbali na kikapu) ambaye katika misimu 14 ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, alikuwa na wastani wa pointi nane tu kwa mchezo. Heshima ya namna hiyo kwa kawaida huwaendea wafungaji, na ndiyo maana sisi tunaofuatilia mpira wa kikapu hapa Kampala, hata kwa kukesha hadi alfajiri mechi za Marekani zinapochezwa, tunapaswa kuipima kwa makini: je, mchezaji anayezuia vizuri lakini asiyeaminika kutupa mpira ni hazina kwa timu yake, au ni pengo linalosubiri kugunduliwa?

Wanaomtetea wana hoja nzito. Allen alichaguliwa na Boston Celtics akiwa wa 25 mwaka 2004, na msimu huohuo NBA ilianza kusimamia kwa ukali zaidi kanuni inayomkataza mlinzi kumzuia mshambuliaji wa nje kwa mkono. Alijifunza kazi yake, basi, wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa imefanywa ngumu, na ilimbidi kutegemea miguu, kifua na uwezo wa kusoma nia ya mpinzani kabla hajaruka. Mwaka 2007 aliumia vibaya goti, lakini mwaka 2008 alikuwemo katika kikosi cha Boston kilichotwaa ubingwa. Alihamia Memphis mwaka 2010, na kwa misimu saba mfululizo aliyokuwa huko timu hiyo haikukosa hatua ya mtoano. Alichaguliwa mara sita katika vikosi vya walinzi bora wa ligi, mara tatu kati ya hizo kikosi cha kwanza, na Kobe Bryant, nyota wa Los Angeles Lakers aliyekabana naye tangu enzi za Boston, alimtaja kuwa mlinzi bora kuliko wote aliowahi kukutana nao.

Upande wa pili una ushahidi wake, na mkubwa zaidi ni wa mwaka 2015. Katika hatua ya mtoano, ambapo timu ya kwanza kushinda michezo minne ndiyo husonga mbele, Memphis walikuwa mbele kwa michezo miwili kwa mmoja dhidi ya Golden State Warriors, huku Allen akiwa amemsumbua sana Klay Thompson, mtupaji hodari wa Warriors. Katika mchezo wa nne Warriors walimpanga Andrew Bogut, mchezaji wao mrefu wa kati, kuwa ndiye anayemkaba Allen, kisha Bogut akamwacha huru kabisa nje na kubaki chini ya kikapu kuwazuia Zach Randolph na Marc Gasol, wachezaji warefu wa Memphis. Allen alikaribishwa kutupa, mitupo haikuingia, na Warriors walishinda michezo mitatu mfululizo na kuwatoa Memphis.

Mfano huo, hata hivyo, hutumiwa kupita kiasi. Allen alikuwa na jeraha la msuli wa paja; aliukosa mchezo wa tano na katika wa sita alicheza dakika chache tu. Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine, nayo haizungumzwi sana: alikuwa akijitosa kunyang'anya mipira bila hofu kwa sababu nyuma yake alisimama Gasol, mlinzi bora wa ligi msimu wa 2012/13. Sehemu ya sifa za Allen ni mali ya Gasol. Hilo haliondoi ukweli kwamba kufunga njia ya gadi hatari kwenye mstari wa mbele kulimpunguzia Gasol mzigo, wala kwamba Allen alijipatia pointi kwa kukimbilia kikapuni bila mpira na kuwania ribaundi za ushambuliaji, yaani mipira inayodunda baada ya timu yake kukosa kikapu.

Kwa maoni yangu jezi ile ilistahili kutundikwa, lakini njia yake si ya kuigwa nzima nzima. Vijana wanaochipukia katika viwanja vya Kampala wanahitaji kujua kwamba Marcus Smart, aliyesoma Oklahoma State kama Allen, alitwaa tuzo ya mlinzi bora mwaka 2022, gadi wa kwanza kufanya hivyo tangu Gary Payton mwaka 1996, na hakuwa mtupaji mahiri hata kidogo. Alichofanya ni kukubali kutupa pointi tatu mara kwa mara, hata zilipokataa kuingia, hivyo ilikuwa vigumu zaidi kwa wapinzani kumpa uhuru ambao Bogut alimpa Allen.

Kocha wa Uganda mwenye kijana wa aina hii asimwondoe kikosini, wala asimsifu kwa ulinzi peke yake. Ampangie mitupo ya kona katika kila mazoezi, kwa kuwa kwenye kona ndiko mstari wa pointi tatu ulipo karibu zaidi na kikapu, na amchezeshe pamoja na watupaji watatu au wanne. Timu yetu ya taifa ilipoiondoa Nigeria kwenye AfroBasket mjini Kigali mwaka 2021 na kuingia robo fainali, ulinzi ndio ulioibeba, na wachezaji wa kuuendeleza watatoka katika ligi yetu iwapo makocha watawapa dakika za kucheza sasa, kabla mitupo yao haijakomaa.