Aliyedai sheria ifuatwe, akafungwa maisha

Ukigusia habari za Wauighur, Waislamu wa jimbo la Xinjiang huko kaskazini-magharibi mwa China, hakosekani wa kukujibu kwamba China inapambana na ugaidi tu. Sibishi kwamba damu ilimwagika. Ghasia za Urumqi, mji mkuu wa Xinjiang, mwaka 2009 ziliua karibu watu mia mbili, wengi wao Wahan, yaani kabila kubwa la China, na Machi 2014 watu wenye visu walivamia stesheni ya treni ya Kunming wakaua 31.

Basi naomba anayejibu hivyo anifafanulie kisa cha Ilham Tohti. Huyu ni Muighur, mchumi, aliyekuwa mhadhiri wa chuo kikuu Beijing. Mwaka 2006 alianzisha tovuti, tena kwa Kichina makusudi, ili Wahan na Wauighur wapate pa kuzungumza. Hakudai nchi. Alichodai ni kwamba sheria ya China yenyewe, ile ya 1984 inayoyapa makabila madogo haki ya kujiendeshea mambo yao na kutumia lugha zao, itekelezwe. Alihoji pia kwa nini vijana wa Kiuighur wanakosa kazi kwao huku mafuta na gesi vikichimbwa kwenye ardhi hiyo hiyo. Alikamatwa Januari 2014, Kunming haijatokea. Septemba akapewa kifungo cha maisha kwa kosa la kutaka kuigawa nchi, na mali zake zikataifishwa. Hata wanafunzi wake kadhaa walifungwa. Gaidi hapo ni yupi?

Makambi ya kuwazuilia Wauighur yalishamiri 2017. Serikali kwanza iliyakana, halafu ikasema ni vyuo vya ufundi. Vyuo vya ajabu hivyo, mtu alikuwa akipelekwa kwa sababu ya ndevu au ndugu aliye ng'ambo, na kutoka hawezi. Agosti 2022 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliandika kwamba huenda huo ni uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Oktoba ikaja kura Geneva, kwenye Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, ya kuijadili tu ripoti hiyo. Ikaangushwa, 19 kwa 17. Pakistan, Indonesia, Qatar, Falme za Kiarabu, Senegal na Sudan zote zilikataa. Ndugu zetu hao, ambao kwa Palestina husimama kidete! Nchi pekee ya Kiislamu iliyounga mkono mjadala ilikuwa Somalia. Kama kuna serikali inayoujua ugaidi kwa kuzika watu wake, ni hiyo.